Kata Jani, Acha Mzizi

Mkulima wa Ufipa anajua kwamba nyasi ni mali. Tangu zamani wakulima wa nyanda hizi za juu wamefukia nyasi katika matuta makubwa ya mviringo yanayoitwa ntumba. Nyasi huoza ndani ya udongo na kuwa mbolea. Juu ya tuta hupandwa maharage. Msimu unaofuata udongo huo hutawanywa, ukapandwa ulezi au mahindi. Nyasi pia huezeka nyumba zetu. Mianzi na matete hutupatia nyungo, vikapu, mikeka na vihenge vya kuwekea nafaka.

Katika somo hili tutazungumza juu ya matumizi mengine ya vitu hivyo. Tutajifunza jinsi ya kutengeneza kazi za sanaa kwa majani, maua, nyasi na maganda. Tutaona jinsi ya kutengeneza kadi na picha za kutundika ukutani, na jinsi ya kupata rangi za kupamba vikapu. Kazi hizi zinaweza kumpatia mtu fedha kidogo wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ndani.

Lakini ndugu msomaji, ziko hatari mbili. Hatari ya kwanza ni kuumaliza mmea tunaoutegemea. Hatari ya pili ni kuuza kazi yetu kwa hasara bila kujua. Watu wengi husema, "Majani nimeokota bure, bei yoyote inatosha." Maneno hayo si ya kweli. Jani ni la bure, lakini mmea una mwisho wake. Na saa za mfanyakazi si za bure.

Kazi ya kale

Kutumia vitu vya porini ni kazi ya kale sana. Maporomoko ya Kalambo yako mpakani, kati ya Mkoa wa Rukwa na nchi ya Zambia. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza habari za magogo mawili yaliyochimbuliwa karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia. Magogo hayo yalichongwa kwa zana za mawe ili yashikane, moja juu ya jingine. Umri wake ni kama miaka 476,000. Basi mkono wa binadamu ulianza zamani kugeuza vitu vya porini kuwa vitu vya kumfaa.

Vitu tulivyo navyo

Kwanza tutazame yale yaliyo karibu nasi. Rukwa ni mkoa wa mahindi. Kila mwaka baada ya kuvuna tunabaki na marundo ya maganda. Mengine huliwa na ng'ombe, mengine huchomwa moto. Maganda ya ndani ya muhindi ni laini, meupe na yenye nguvu. Yanafaa sana kwa picha na maua ya mapambo. Tena hayahitaji kukata mmea wowote wa porini.

Penye migomba, majani makavu yanayoning'inia na magamba ya shina hutoa rangi nyingi bila kutiwa dawa. Yako ya rangi ya maziwa, ya kahawia na ya kahawia iliyoiva karibu na weusi. Ngano na ulezi hutoa masuke mazuri. Alizeti hutoa petali za manjano. Petali ni vile vijani vya rangi vinavyozunguka ua.

Mlimani na mbugani, mvua zikielekea kwisha, huota maua madogo ambayo petali zake ni kavu kama karatasi hata kabla hayajakatwa. Ukiyagusa hulia kama karatasi. Maua ya namna hiyo ni mazuri sana kwa kazi hii. Hayanyauki upesi, na rangi yake hudumu.

Wakati wa kukusanya

Kila kitu kina wakati wake. Katika Ufipa mvua huanza kama Novemba na kwisha kama Aprili. Maua na majani mabichi ya kukandamiza hukusanywa kabla mvua hazijakwisha. Nyasi za kusuka hukatwa kuanzia Mei hadi Julai. Wakati huo nyasi zimekwisha kudondosha mbegu, na mioto ya kiangazi bado haijafika.

Usichume asubuhi mapema wakati umande haujakauka. Jani lenye umande huota ukungu upesi. Subiri jua lipande. Usichume baada ya mvua pia.

Chukua tahadhari na mimea usiyoijua. Mingine ina utomvu unaodhuru. Utomvu wa mnyaa, kwa mfano, ukiingia machoni huumiza vibaya na unaweza kuharibu macho. Nawa mikono baada ya kazi. Usiwaachie watoto mimea ya namna hiyo.

Kukausha

Adui mkubwa wa kazi hii ni ukungu. Jani lisilokauka vizuri hupata madoa meusi baada ya siku chache. Mnunuzi akiona madoa hayo hatarudi tena. Kwa bahati nzuri, kiangazi cha Ufipa ni cha baridi, kikavu na chenye upepo. Hali hiyo hukausha vitu vizuri.

Ziko njia mbili za kukausha.

Njia ya kwanza ni kuning'iniza. Funga maua machache kwa uzi. Yaning'inize kichwa chini, mahali penye kivuli na upepo. Usiyaweke juani, maana jua hufifisha rangi. Yaache wiki mbili au tatu. Shina likivunjika kwa kulia "kti" limekauka. Likipinda bila kuvunjika, bado lina maji.

Njia ya pili ni kukandamiza. Tandika gazeti kuukuu mezani. Panga majani au maua bila kugusana. Yafunike kwa gazeti jingine. Juu yake weka ubao, na juu ya ubao weka mawe mazito. Kwa siku nne za kwanza badili gazeti kila siku, kwa sababu gazeti hunyonya maji ya mmea. Baadaye liache wiki moja hadi mbili. Wataalamu wa mimea duniani hutumia njia hii hii. Mimea iliyokandamizwa vizuri na kuhifadhiwa pakavu imedumu zaidi ya miaka 200.

Vitu vilivyokauka viwekwe katika sanduku au bahasha, mbali na moto na mbali na panya. Andika juu ya bahasha jina la mmea, mahali ulipoutoa na tarehe. Mwakani utajua urudi wapi na lini.

Kutengeneza kadi

Vifaa vinavyohitajiwa ni hivi:
- karatasi nene
- mkasi au wembe
- penseli na rula
- maganda ya mahindi, majani makavu au maua yaliyokandamizwa
- unga wa ngano kwa ajili ya gundi

Kwanza tengeneza gundi. Chukua vijiko viwili vya unga wa ngano. Ukoroge kwa maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe. Ongeza maji mpaka yafike kikombe kimoja. Pika kwa moto mdogo huku unakoroga, mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Uache upoe. Gundi hii huharibika baada ya siku mbili au tatu, basi pika kidogo kidogo.

Pili, kata karatasi yenye urefu wa sentimeta 20 na upana wa sentimeta 15. Ikunje katikati. Sasa unayo kadi yenye upana wa sentimeta 10 na urefu wa sentimeta 15.

Tatu, lainisha maganda ya mahindi kwa kuyaloweka katika maji ya vuguvugu kwa dakika chache. Yapanguse, kisha yanyoshe chini ya jiwe mpaka yakauke yakiwa bapa.

Nne, chora picha kwa penseli, bila kukandamiza penseli. Chora mambo unayoyajua. Chora mama anayepepeta ulezi kwa ungo. Chora ng'ombe wa kulimia, mtumbwi wa ziwani, au milima ya Mbizi. Mtu huchora vizuri kile ambacho macho yake yamekiona mara nyingi.

Tano, kata vipande vya maganda na majani kwa kufuata mchoro. Rangi iliyoiva iwe kivuli, rangi nyeupe iwe mwanga. Panga vipande vyote juu ya karatasi kabla ya kutia gundi. Vitazame kwa mbali. Ukiridhika, bandika kimoja kimoja kwa gundi kidogo. Gundi nyingi hukunja karatasi na kuleta ukungu.

Sita, funika kadi kwa karatasi safi, weka jiwe juu, iache ilale hivyo usiku mzima.

Rangi kutoka mimea

Nyuzi na majani ya kusukia vikapu yanaweza kutiwa rangi nyumbani. Maganda makavu ya vitunguu yakichemshwa hutoa rangi ya manjano au ya kahawia. Manjano, kile kiungo cha mchuzi, hutoa rangi kali, lakini hufifia upesi juani. Magome yenye ukakasi hutoa rangi ya kahawia. Tumia magome ya miti iliyokwisha kukatwa kwa kuni au nguzo. Usichune mti ulio hai kwa ajili ya rangi tu.

Rangi nyeusi hupatikana kwa njia ya ajabu kidogo. Chemsha magome yenye ukakasi. Tia ndani yake misumari au vipande vya chuma chenye kutu. Ukakasi wa magome ukikutana na chuma, maji hugeuka kuwa meusi. Pengine fundi wa chuma asingelishangaa. Watu wa Ufipa walikuwa mabingwa wa chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo yanayoitwa malungu. Mabaki ya matanuru hayo bado yanaonekana mahali pengi katika nyanda hizi.

Sufuria ya rangi isitumike tena kupikia chakula.

Kata jani, acha mzizi

Sasa tufike kwenye jambo kubwa la somo letu. Tunavunaje bila kumaliza? Tutazame mifano kutoka sehemu nne.

Mfano wa kwanza ni wa Uganda. Waganda hutengeneza kitambaa kutokana na gome la mti unaoitwa mutuba. Fundi hutoa gome la ndani kwa uangalifu, bila kuumiza mti. Papo hapo huufunga shina kwa majani ya mgomba, kama daktari anavyofunga kidonda. Gome jipya huota. Mti mmoja huvunwa tena na tena kwa miaka mingi. Mwaka 2005 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, lilitangaza ufundi huo kuwa urithi wa watu wote duniani.

Mfano wa pili ni wa pwani yetu na Zanzibar. Huko mikeka husukwa kwa ukindu, yaani majani machanga ya mkindu. Majani hukaushwa, hupasuliwa na kutiwa rangi. Kisha husukwa ukili, na ukili hushonwa kuwa mkeka. Lakini shina la mkindu huota kutoka kilele kimoja tu. Mtu akikata kilele chote kwa tamaa, shina lile hufa. Akichukua jani moja na kuacha mengine, atarudi tena.

Mfano wa tatu ni wa Iringa. Vikapu vya Iringa vinasifika ndani na nje ya nchi. Husukwa kwa milulu, majani membamba yanayoota mahali penye majimaji. Eneo la majimaji likikaushwa kwa kilimo, milulu hutoweka, na ufundi hukosa malighafi. Kwa hiyo msukaji anayelinda maji analinda pia kazi yake.

Mfano wa nne ni wa huku kwetu, nao ni wa kusikitisha. Katika nyanda za juu za kusini huota maua mazuri yanayoitwa okidi. Baadhi yake yana viazi vidogo chini ya ardhi. Viazi hivyo hutengenezwa chakula kinachoitwa chikanda, kinachopendwa sana Zambia. Kabla ya hapo watu walichimba kidogo kwa chakula cha nyumbani. Biashara ilipokua, watu walichimba magunia kwa magunia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waligundua kwamba viazi vinavyopelekwa Zambia kila mwaka ni mamilioni. Kila kiazi kilichochimbwa ni mmea mmoja uliokufa. Mwaka 2005 serikali ilitangaza Kitulo kuwa hifadhi ya taifa, kwa ajili ya kulinda maua hayo na mengine. Lakini maua yaliyo nje ya hifadhi yanalindwa na nani? Yanalindwa na sisi wenyewe.

Tofauti ya mifano hii ni nini? Fundi wa Uganda huchukua sehemu inayoota tena. Mchimbaji wa okidi huchukua mzizi. Huyu wa kwanza ana kazi mwaka hadi mwaka. Huyu wa pili kila mwaka huenda mbali zaidi, na siku moja atarudi na gunia tupu.

Basi tufuate kanuni hizi:
1. Tumia kwanza vitu vilivyoanguka na mabaki ya shambani, kama maganda ya mahindi.
2. Kata jani au ua. Usin'goe mmea.
3. Penye maua 10, usichume zaidi ya mawili au matatu. Mengine yatoe mbegu.
4. Nyasi zikatwe juu ya ardhi, kiasi cha upana wa vidole vinne, ili zichipue tena.
5. Usikate mahali pale pale kila mwaka.
6. Usichume chochote katika msitu wa hifadhi, kama ule wa Mbizi, bila kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inalinda misitu hiyo. Kamuulize kwanza ofisa misitu au serikali ya kijiji.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1980 iliyoitwa Misitu ni Mali. Mali hutunzwa.

Hesabu ya kazi yako

Sasa chukua daftari na kalamu. Kujua kusoma, kuandika na kuhesabu kunatusaidia hapa.

Tuseme mama mmoja ametengeneza kadi 10. Kazi yote, tangu kuchuma mpaka kubandika, imemchukua saa 8. Ameandika gharama zake hivi:

Karatasi nene: shilingi 2,500
Unga wa gundi: shilingi 500
Nauli ya kwenda mjini na kurudi: shilingi 4,000
Jumla: shilingi 7,000

Akiuza kila kadi kwa shilingi 600, atapata shilingi 6,000. Atarudi nyumbani na fedha mkononi, na huenda akafurahi. Lakini daftari linasema kweli. Amepata hasara ya shilingi 1,000, na saa zake 8 zimepotea bure.

Akiuza kila kadi kwa shilingi 1,500, atapata shilingi 15,000. Akitoa gharama, anabaki na shilingi 8,000. Maana yake kila saa ya kazi imemlipa shilingi 1,000.

Sasa tuseme wamama watatu wameungana. Kila mmoja ametengeneza kadi 10, na mmoja wao amekwenda mjini kuuza kadi zote 30. Karatasi ni shilingi 7,500, unga ni shilingi 1,500, na nauli ni ile ile shilingi 4,000. Jumla ni shilingi 13,000. Wakiuza kwa shilingi 1,500 kila kadi, watapata shilingi 45,000. Wanabaki na shilingi 32,000 kwa saa 24 za kutengeneza. Kila saa imelipa zaidi ya shilingi 1,300. Faida imeongezeka kwa sababu nauli imelipwa mara moja tu. Ni haki aliyekwenda kuuza apewe kidogo zaidi, maana naye ametumia siku yake.

Bei hizi ni mfano tu. Andika bei za kwenu.

Usitengeneze kadi 100 kabla ya kuuza 10. Sumbawanga si Arusha, watalii ni wachache. Fikiria kwanza wanunuzi wa karibu. Wako watu wanaofunga ndoa, wako walimu, ziko shule zenye mahafali, na ziko sikukuu za dini. Waulize wanataka nini. Mwenye arusi akitaka maua ya maganda ya mahindi kwa kupamba ukumbi, mtengenezee hayo. Mpe bei yako kabla ya kuanza kazi.

Mambo ya kuzungumza darasani

1. Taja mimea mitano ya kijijini kwenu inayoweza kutumika kwa kazi hizi. Ni sehemu gani ya mmea inayotumika: jani, ua, shina, au mzizi?
2. Je, uko mmea uliokuwa mwingi kijijini zamani na sasa ni adimu? Waulizeni wazee sababu.
3. Kwa nini mama aliyeuza kadi kwa shilingi 600 alipata hasara?
4. Kama nauli kutoka kijijini kwenu ni shilingi 6,000, kadi 10 ziuzwe shilingi ngapi kila moja ili saa moja ya kazi ilipe shilingi 1,000?
5. Katika kikundi chenu nani angeshika daftari la hesabu, na kwa nini?

Kazi ya kufanya nyumbani: kusanya maganda ya ndani ya mahindi matano. Yanyoshe chini ya jiwe. Katika kisomo kijacho njoo nayo, tutengeneze kadi ya kwanza pamoja.